Niweke Nini Chini? Maswali Yenu ya Sakafu

Toleo lililopita tuliwaambia mlete maswali ya sakafu na kweli mmeleta, mpaka mengine tumeyaacha kwa toleo lijalo. Wengi mmeanza na rangi. Mi naomba radhi mapema, rangi ntaigusa kidogo tu, maana kabla ya rangi nataka kujua hapo chini kuna nini na juu yake kutamwagika nini. Twende.

Habari za kazi fundi. Tunamalizia nyumba na mume wangu kashaamua, tailizi nyeupe kubwa za kung'aa nyumba nzima, sebuleni, jikoni, korido mpaka bafuni, anasema sakafu ikiwa moja nyumba inaonekana kubwa. Mi nina mtoto ndo anajifunza kutembea alafu mama mkwe anaishi nasi na miguu yake siku hizi sio ya kuaminika. Naogopa bure? (Mama Mbishi)

Nzuri dada. Huogopi bure hata kidogo. Ila shemeji nae ana hoja yake tusimwonee, sakafu ya aina moja isiyokatwa katwa kila mlangoni kweli inafanya macho yaone nafasi. Kitu ambacho hajaambiwa dukani ni kwamba hilo linaletwa na rangi kuwa moja, sio mng'ao kuwa mmoja. Tailizi nyingi za poseleni (zile ngumu zisizofyonza maji) zinatoka na sura mbili, ya kung'aa na ya mati yaani isiyong'aa, rangi ileile na saizi ileile. Kama moyo wake uko kwenye kung'aa basi apewe sebule tu, huko jikoni, korido na bafuni weka mati, alafu kabla hamjalipa chukueni moja ya kila aina mzilaze pamoja karibu na dirisha muone kama rangi zinaendana kweli maana taa za dukani zinadanganya.

Tailizi ya kung'aa ikiwa kavu haina neno. Shida ni lile tone la maji ambalo hulioni kwasababu sakafu yenyewe tayari inameremeta, mtu mzima analikanyaga kwa kisigino na hapo hakuna cha kushika. Kwaiyo muulize muuzaji namba ya utelezi. Kuna kipimo cha Kijerumani ambapo mtu anavaa viatu vya kazi anatembea juu ya ubao uliowekwa tailizi na kumwagiwa oili, ubao unainuliwa pole pole mpaka aanze kuteleza, na kulingana na mwinamo aliofikia tailizi inapewa R9 mpaka R13. R9 ndo ya chini kabisa, msiione R mkadhani mko salama. Jikoni na korido R10 inatosha, nje kwenye baraza linalonyeshewa panda R11. Msizidishe ndani ya nyumba lakini, kadri namba inavyopanda ndivyo uso unavyokwaruza na kushika uchafu, utadeki mpaka uichukie.

Bafuni kuna kipimo kingine cha miguu mitupu kwenye maji ya sabuni, kinaandikwa A, B au C, sehemu ya kuogea taka B. Muuzaji asipojua lolote kati ya haya usigombane nae, omba sampo, mwagia maji na sabuni kidogo, vua kiatu, shika kaunta uweke mguu usukume. Utajua palepale.

Na kwa bafu dada, achana kabisa na zile kubwa. Sakafu ya kuogea inatakiwa iteremke kuelekea kwenye tundu la maji, kama sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, na tailizi ya sentimita 60 kwa 60 haipindi, fundi atalazimika kuikata mishazari au ataiacha maji yasimame kona. Weka ndogo, zinafuata mwinamo zenyewe, tena mistari ya grauti (ile saruji ya kujazia kati ya tailizi) ikiwa mingi mguu unapata pa kushika.

Nyeupe? Inaonyesha kila unywele. Nyeusi inaonyesha kila vumbi. Kijivu cha kati au rangi ya mchanga ndo inawasitiri wenye watoto. Na msije mkapaka nta wala polishi ya sakafu juu ya tailizi, haiingii ndani, inabaki juu inateleza.

Fundi mi nataka lamineti ya mbao chumbani na sebuleni, nimeipenda mno. Nyumba ni ya chini, sakafu ya sasa ni simenti ya zamani tu, iko imara ila kwenye kona mbili kuna unga unga mweupe unatoka kila nikifagia unarudi. Jamaa wa dukani anasema lamineti yao haipitishi maji kwaiyo nisijali. Nijali? (Mwenye Haraka)

Jali bwana, tena sana.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini yanapita kwenye zege, yanabeba chumvi za ndani ya simenti, yakifika juu yanakauka hewani chumvi inabaki. Maana yake hapo kona unyevu unatembea, na hauna shida yoyote leo kwasababu sakafu yako inapumua. Siku ukiifunika, hayo maji hayataacha kupanda, yatakaa chini ya lamineti.

Sasa ichukue sampo ya lamineti uiangalie kwa ubavu. Juu kabisa utaona kijiganda chembamba, hicho ndo kina picha ya mbao na ndo kigumu. Katikati, sehemu kubwa yote ya kahawia, ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa na gundi. Jamaa wa dukani anaposema haipitishi maji anazungumzia huo uso wa juu na labda maungio yaliyopakwa nta, ambayo ni kweli chai ikimwagika utaifuta bila wasi. Ila huko chini unyevu unaingilia kwenye huo unga, unavimba, kingo zinainuka kila maungio, na haurudi tena ulivyokuwa hata ukikauka. Lamineti iliyovimba haipigwi msasa, hamna mbao ya kupiga msasa hapo, ni picha. Inang'olewa.

Kwaiyo kabla ya kununua chochote fanya hivi. Kata nailoni nene ya kuona ndani, kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa solotepu pande zote nne isiingie hewa. Iache mpaka kesho, isipungue masaa 16. Fanya kwenye kona zenye unga, fanya na katikati ya chumba. Ukiivua ukakuta matone kwa ndani au simenti imekuwa nyeusi kuliko pembeni, unyevu upo. Kukiwa kukavu ni dalili nzuri ila sio cheti, fundi mwenye mashine ya kupimia unyevu ni bora zaidi.

Unyevu ukiwepo tafuta kwanza unatoka wapi, mara nyingi ni vitu vya nje vya kawaida kabisa, maji ya bati yanamwagikia msingi, bustani imepandishwa udongo kuliko usawa wa sakafu, au bomba linavuja taratibu ndani ya ukuta. Ukishindwa kuutoa basi kuna rangi maalum za kuzuia unyevu zinapakwa juu ya zege, au we badilisha mawazo uweke tailizi, yenyewe haiozi wala haivimbi. Kuna pia zile mbao za plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, zinaitwa SPC, zinabana moja kwa nyingine kama lamineti na hazivimbi kwa maji. Nazo zina adui yao lakini, jua kali la dirishani linazitanua, so mapazia muhimu, na unyevu mwingi uliofungiwa chini yake unaweza kuleta harufu ya ukungu hata kama zenyewe hazijaharibika.

Ukikuta kukavu, hongera, weka lamineti yako. Iangalie daraja lake la kustahimili kuchakaa, AC3 kwa nyumba ya kuishi inatosha kabisa, AC4 kama mna pilika nyingi. Tandika nailoni ya kuzuia unyevu alafu kile kisponji chembamba cha kulaza chini ya lamineti, maboksi yalale ndani ya hicho chumba siku mbili kabla ya kufunguliwa ili yazoee hewa, na fundi aache nafasi ya milimita 8 mpaka 10 kuzunguka kuta zote. Akikwambia nafasi hiyo ni ya nini, na kwamba skatingi (ule ubao wa chini ya ukuta) itaificha, huyo ndo anajua. Akikwambia atabana mpaka ukutani ikae vizuri, mshukuru umpe nauli.

Nimepima chumba ni mita 4 kwa 5. Ninunue tailizi mita za mraba 20? (Mhasibu)

Hapana, 22. Asilimia kumi ya ziada kwa kukata na kuvunjika kama zinalazwa moja kwa moja, na kama unataka mshazari weka asilimia 15, hiyo ni 23. Nunua zote siku moja na usome ubavu wa boksi, kuna namba ya rangi na namba ya kipimo, zote ziwe sawa kwenye kila boksi. Usipoangalia utakuja kuona sebule yako ina mpaka katikati na hujui umetokea wapi. Zitakazobaki usigawe, miaka ijayo bomba likipasuka hizo ndo zitakuokoa, aina yako itakuwa imeshaacha kutengenezwa.

Kaka, jana mchana tumesikia mlio kama bunduki sebuleni, tukakimbia, tukakuta tailizi za katikati zimeinuka zimeegemeana. Hakuna aliyezigusa. Zina miaka kama minne. Mke wangu anasema nyumba inazama. Fundi aliyeziweka hapokei simu. (Baba Nyumba)

Pole sana kaka, na mtoe shemeji wasiwasi kwanza, dalili za nyumba kuzama zinaanzia kwenye kuta, nyufa za mshazari kwenye kona za milango na madirisha. Kama hizo hamna, hii ni sakafu tu.

Kilichotokea ni hiki. Zege la jamvi, lile la chini ya sakafu, likiendelea kukauka linasinyaa kidogo kidogo, linachukua muda mrefu. Tailizi juu yake kila siku inapashwa joto na jua inatanuka, usiku inarudi. Ni kitu kidogo mno kwa tailizi moja ila sebule ya mita nane vikijumlishwa vinakuwa kitu. Kama fundi alizibananisha kutoka ukuta mpaka ukuta bila nafasi, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka palipo na gundi dhaifu pakaachia, na zikiachia zinaachia kwa kishindo. Ndo maana mchana, wakati wa joto.

Okota moja uigeuze, mgongo wake utakwambia ukweli wote. Mgongo ukiwa msafi, vile vimistari vya kiwandani vinaonekana hivyo hivyo, gundi haijawahi kushika, ama iliachwa wazi mpaka ikaota ngozi ndo tailizi ikalazwa, ama hakufuta ule unga mweupe wa tanuru unaokuja mgongoni, ama alitumia simenti tupu na maji. Hili la simenti tupu lina sababu yake nzuri tu, mafundi wengi wamejifunzia kwenye seramiki za ukutani ambazo zinafyonza maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, simenti inaingia kwenye vitundu inang'ang'ania. Poseleni inafyonza asilimia 0.5 au pungufu. Simenti haina pa kuingia, na kuiloweka kwenye ndoo usiku kucha hakusaidii kitu. Inataka gundi ya tailizi yenye polima, yaani plastiki inayoisaidia kunata.

Ukikuta madonge matano, manne kona na moja kati, alitaka kuokoa gundi. Katikati ya madonge ni hewa, meza nzito ikikaa hapo inapasua. Na ukikuta gundi yote imetoka na tailizi ikiacha sakafu tupu, basi sakafu ilikuwa na vumbi au rangi au mafuta.

Kabla hujamwita mwingine, chukua sarafu au mpini wa bisibisi, tembea sebule nzima ukigonga kila tailizi, zinazolia utupu weka alama ya chaki. Zikiwa chache zinazunguka hapo zilipoinuka, ng'oa hizo tu. Zikiwa nusu ya chumba, kaka, jikaze ung'oe zote, ukibandika vipande vipande utasikia bunduki nyingine.

Safari hii simama nae. Gundi ipakwe kwa mwiko wenye meno, mistari yote ielekee upande mmoja, na kwa tailizi kubwa apake na mgongo wake pia. Mwambie mapema kwamba tailizi ya kwanza mtaibandua palepale mkaitazame, kwenye sehemu kavu gundi iwe imeshika angalau asilimia 80 ya mgongo, kwenye maji asilimia 95. Atanuna kidogo, aendelee. Pembeni mwa kuta yote iachwe nafasi isiyojazwa grauti, skatingi itaificha. Chumba kikizidi kama mita saba hivi upande wowote, kuwe na mstari mmoja uliojazwa silikoni ya rangi ya grauti badala ya grauti yenyewe, na mlangoni vilevile. Pale jua linapopiga moja kwa moja mistari hiyo iwe karibu zaidi, kila mita tatu au nne. Na tailizi na tailizi zisigusane hata kama zimekatwa kwa mashine zikanyooka vipi, milimita mbili au tatu kati yake.

Mi mpangaji. Sakafu ni ya kutisha, vigae vya plastiki vya zamani sana, vidogo, vingine vimekatika kona. Mwenye nyumba haweki kitu ila amesema nikiweka changu nikitoka nitoe. Naweza vikwangua nipige msasa alafu nibandike vinili (ile plastiki ya sakafu) ya kujibandika? (Mpangaji)

Usikwangue. Nimesema kwa mkato kwasababu hili sio la kuchekea. Vile vigae vidogo vya mraba vya kama sentimita 23, vya vinili au lami, vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1980 kuisha, vingi vilichanganywa na asbesto, yale madini ya nyuzi nyuzi yanayodhuru mapafu, na wakati mwingine hata gundi nyeusi iliyo chini yake. Vikikaa kimya havina noma. Vikivunjwa, vikikwanguliwa au kupigwa msasa ndo nyuzi zinaruka hewani mkazivuta. Mwambie mwenye nyumba, na kama mnataka vitolewe basi vipimwe kwanza na vitolewe na watu wenye kazi hiyo.

Kama vimetulia, funika. Jaza zile kona zilizokatika kwa unga wa kusawazishia maana vinili ni laini, kila shimo na kila kokoto la chini litakuja kuonekana juu baada ya muda mfupi. Alafu usichukue ya kujibandika, ikija kutoka inaweza kung'oka na vigae. Chukua vinili ya roli inayolala yenyewe, au ile SPC ya kubana niliyoitaja juu, ukihama unaibandua ubao kwa ubao unaondoka nayo. Dukani watakusifia unene wa jumla, we uliza unene wa lile ganda la juu la kuona ndani, ndo linaloliwa na miguu. Milimita 0.3 chumbani sawa, 0.5 sehemu ya kupita pita.

Na zulia dogo la mlangoni lisiwe na mgongo wa mpira. Mpira unachafua vinili kwa kemikali, unaacha doa la njano la umbo la zulia lenyewe na hakuna sabuni inayolitoa. Mwenye nyumba hataelewa, na hata sakafu ingekuwa yako mwenyewe usingependa.

Mwanangu, mimi na mama yenu tunabishana. Yeye anataka mbao halisi, anasema ndiyo sakafu. Mimi nimeona tailizi zenye sura ya mbao na siku hizi huwezi kutofautisha. Nani mshindi? (Mzee Mstaafu)

Shikamoo mzee. Mnitafutie matatizo nyumbani kwenu sasa.

Kwa kukanyaga, mama kashinda. Mbao haina ule ubaridi, haina ugumu wa kuumiza magoti ukisimama muda mrefu, na sahani ikidondoka kuna matumaini. Ubao mzima wa milimita 18 au 20 ukichakaa unapigwa msasa na vanishi unaanza upya, tena mara kadhaa. Ile ya matabaka, ambayo juu ni mbao halisi na chini ni plaiwudi, inategemea ganda la juu, likiwa na milimita tatu au nne unapata msasa mara moja au mbili hivi, likiwa jembamba zaidi usiguse. Ila faida yake haichezi chezi sana na hewa. Mbao inavimba kipindi cha unyevu na kusinyaa kipindi cha ukavu, hiyo ndo tabia yake, mkiona vijinafasi vinafunguka na kufunga msigombane na fundi.

Kwa maji wewe umeshinda, hakuna ubishi. Jikoni, bafuni, mlango wa nje, hapo tailizi. Kwaiyo mi ningewagawia nyumba, mama achukue vyumba vya kulala na sebule, mzee ubaki na penye maji. Tena tailizi za sura ya mbao chagueni zenye picha nyingi tofauti ndani ya boksi, zikiwa na picha tatu nne tu, kile kifundo cha mti kitajirudia chumba kizima na hapo ndo mtu anatofautisha.

Moja la kumwambia fundi wako, zile ndefu asizipange nusu kwa nusu mithili ya tofali. Zinatoka tanurini zikiwa zimepinda kidogo sana katikati, akiweka kona ya moja kwenye katikati ya mwenzake inatokea ngazi ya kukwaza kidole. Apishanishe kwa theluthi. Na mpime milango kabla, tailizi ya milimita 10 na gundi yake inapandisha sakafu kama sentimita moja na nusu, mtaikata milango chini, na pale inapokutana na mbao ya mama patatakiwa kuwa usawa mmoja, hilo lipangwe kabla hata simenti ya kusawazisha haijamwagwa, sio baada.